Swali Lililolipiwa: Tahakiki ya Tafiti Nne za Jamii na Fedha Zilizozigharimia

Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya theolojia, kama ilivyo katika vyuo vikuu, utafiti wa jamii haufanyiki bila fedha za mtu mwingine. Safari za vijijini, posho za wasaidizi, karatasi na uchapaji, vyote vina gharama, na mkono mtupu haulambwi. Fedha hizo hutoka hasa mahali pawili: kwa vyombo vya umma, yaani serikali zetu na serikali za nchi nyingine, na kwa mifuko ya hisani iliyoanzishwa na matajiri. Mjadala juu ya fedha hizo kwa kawaida huwa na pande mbili. Wapo wasemao kwamba fedha ni fedha tu, na kwamba mtafiti mwaminifu ataandika alichokiona hata kama amelipiwa na nani. Wapo pia wasemao kwamba kila ripoti iliyolipiwa ni sauti ya mlipaji.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zinakazia macho jibu, na kwa hiyo zinapitwa na jambo lililo kubwa zaidi. Kwa maoni yetu mlipaji ni mara chache anaponunua jibu. Anachokinunua, mara nyingi bila yeye mwenyewe kufahamu, ni swali. Ili hoja hii isibaki hewani tutapima tafiti nne zilizofanyika kati ya mwaka 1929 na 1989, katika eneo linaloanzia Rungwe, hapa kwetu Tanzania, hadi Afrika Kusini. Tatu kati ya tafiti hizo zinaunganishwa na jamaa moja, jamaa ya Wilson. Na mbili zinaunganishwa na mfuko mmoja. Baada ya hapo tutauliza mambo hayo yanatuhusu nini sisi tunaoandika tasnifu na ripoti katika makanisa yetu leo.

1. Rungwe: fedha zitokazo mbali

Mwaka 1926 iliundwa London Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Lord Lugard, aliyekuwa mtawala wa Nigeria, na miongoni mwa waliohangaikia kuundwa kwake walikuwamo watu wa misheni, akiwamo J. H. Oldham. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Mfuko wa Rockefeller wa Marekani ulianza kuipa taasisi hiyo fedha za utafiti, nao mpango wa miaka mitano ukatangazwa mwaka 1932. Swali kuu la mpango huo lilikuwa hili: jamii ya Kiafrika inashikamanishwa na nini, na inabadilikaje inapokutana na nguvu zitokazo Ulaya?

Godfrey Wilson, Mwingereza, na mkewe Monica Hunter, mtoto wa wamisionari aliyezaliwa Lovedale, Afrika Kusini, walikuwa miongoni mwa waliofadhiliwa. Kati ya mwaka 1934 na 1938 walifanya utafiti wao kwa Wanyakyusa, wakajifunza lugha, wakahudhuria mazishi na mashauri. Matunda ya kazi hiyo ni mengi. Mwaka 1938 Godfrey alitoa andiko juu ya haki za mtu binafsi katika ardhi ya Wanyakyusa. Na Monica, baada ya miaka mingi, akachapisha *Good Company* (1951), kitabu kinachoeleza vijiji vya marika ambavyo vijana walijijengea pamoja na wenzao wa umri mmoja, kisha vitabu viwili juu ya matambiko, mwaka 1957 na 1959. Wachungaji wetu watokao Konde na Rungwe wakivisoma vitabu hivyo hukuta humo habari za babu zao zilizoandikwa kwa uangalifu na kwa heshima. Hakuna mtu wa New York aliyewaamuru watafiti hawa waone nini. Wale wasemao kwamba kila ripoti ni sauti ya mlipaji hawana budi kuanza kwa kulikubali jambo hilo.

Hata hivyo swali lenyewe liliandikwa London kabla mtafiti hajavuka bahari. Mnyakyusa hakuulizwa angependa kujua nini juu ya nafsi yake. Katika miaka ile vijana wengi walikwenda kufanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa ili, pamoja na mahitaji mengine, wapate fedha ya kodi. Jambo hilo watafiti waliliona na kulitaja. Lakini aliyekuwa akichunguzwa alikuwa Mwafrika anayebadilika. Ofisi iliyotoza kodi haikuchunguzwa kwa kiwango kile kile kilichotumika kuchunguza matambiko. Twaona basi kwamba fedha za mbali, zisizo na masilahi ya karibu, humwachia mtafiti uhuru mkubwa ndani ya swali, ingawa hazimpi uhuru wa kulichagua swali.

2. Broken Hill: mlipaji aliye ndani ya jambo linalochunguzwa

Mwaka 1938 Godfrey Wilson alishika kazi ya mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Safari hii walipaji hawakuwa mbali. Fedha zilitoka kwa serikali za kikoloni za eneo lile na kwa makampuni, yakiwamo makampuni ya migodi. Wilson akachagua kuchunguza maisha ya wafanyakazi wa Kiafrika katika mji wa Broken Hill, ambao sasa unaitwa Kabwe, penye mgodi wa zinki na risasi.

Alichokikuta hakikupendeza. Sera ya wakati ule ilimhesabu mfanyakazi wa mgodini kuwa mgeni wa mjini, mtu wa kijijini aliyekuja kwa muda, na kwa hiyo mshahara na nyumba yake vilipimwa kama vya mtu asiye na familia. Wilson alionyesha kwamba wengi walikuwa wamekwisha kuishi mjini kwa miaka mingi, na kwamba umaskini wa vijijini na unyonge wa mjini vilikuwa pande mbili za mfumo mmoja wa uchumi. Kwa hiyo waliochunguzwa safari hii hawakuwa Waafrika peke yao; mlipaji naye alikuwa ndani ya swali. Mwaka 1940, mwaka wa mgomo mkubwa katika migodi ya shaba, wenye mgodi wa Broken Hill walimzuia kuendelea na kazi yake katika kambi za wafanyakazi. Haikumsaidia pia kwamba alikataa vita kwa dhamiri, wakati Uingereza ikiwa vitani. Mwaka 1941 aliacha ukurugenzi. Insha yake juu ya uchumi wa watu walioondoka katika maisha ya kikabila ilichapishwa kwa sehemu mbili, mwaka 1941 na 1942, naye akafariki mwaka 1944.

Yafaa tuitazame kwa makini namna alivyozuiwa. Hatusomi kwamba aliambiwa abadilishe takwimu. Alifungiwa lango. Swali lilipogeuka na kumtazama mlipaji, ruhusa ya kuuliza ilikoma. Ndiyo maana tunasema kwamba mtu akitaka kupima uhuru wa taasisi ya utafiti asitosheke kusoma ripoti ilizozitoa. Achunguze pia mambo ambayo taasisi hiyo haijawahi kuyauliza.

3. Wazungu maskini: Kanisa linapoliandika swali

Sasa tuelekee kusini. Mfuko wa Carnegie wa New York ulianzishwa mwaka 1911 na Andrew Carnegie, mzaliwa wa Uskoti aliyetajirika kwa chuma cha pua huko Marekani. Mwaka 1927 rais wa mfuko huo, Frederick Keppel, alizuru Afrika Kusini. Huko alikuta viongozi wa Kanisa la Kireformati la Kiholanzi pamoja na wasomi wa Kikaburu, akiwamo E. G. Malherbe, wakihangaishwa na jambo moja: Wazungu wenzao waliokuwa wamepoteza mashamba kwa ukame, kwa vita vya 1899 hadi 1902, na kwa kugawanywa mno kwa urithi wa ardhi, na ambao sasa walizurura mijini bila ujuzi wala kazi. Mfuko ulikubali kugharimia uchunguzi; serikali na Kanisa wakatoa watu wa kuufanya.

Uchunguzi ulifanyika kati ya 1929 na 1932, na ripoti yake ikachapishwa Stellenbosch katika majalada matano: uchumi, saikolojia, elimu, afya na jamii. Jalada la tano liliandikwa na mchungaji J. R. Albertyn pamoja na mwandishi M. E. Rothmann, mama aliyeingia nyumbani kwa maskini na kueleza maisha ya wanawake na binti zao. Ripoti ilisema kwamba Wazungu wapatao 300,000, kati ya Wazungu wasiofika milioni mbili katika nchi nzima, walikuwa maskini sana.

Kama kazi ya kitaalamu, ripoti hiyo haistahili kudharauliwa. Iliyakataa maelezo mepesi kwamba maskini ni mvivu kwa damu yake. Ilitafuta sababu katika shule, katika lishe na katika uchumi. Ilithubutu kuwaambia Kanisa na serikali kwamba sadaka ikigawiwa bila utaratibu humfundisha mpokeaji kuinyosha mikono badala ya kuitumia. Ilitahadharisha hata kwamba hatua za kumlinda Mzungu maskini dhidi ya ushindani wa Mwafrika ziwe za muda tu. Mhakiki anayetafuta uongo katika majalada hayo atachoka bure.

Kosa lake liko katika jina lake. Swali lilikuwa «Wazungu maskini». Ilikuwa nchi ambamo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 iliwatengea Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote, takribani asilimia 7 tu ya ardhi. Lakini Mwafrika aliingia katika uchunguzi huu hasa kama sehemu ya tatizo la mwingine, yaani kama mshindani wa Mzungu katika kazi na jirani ambaye Mzungu maskini aliogopwa asije akafanana naye. Umaskini wake mwenyewe haukuwa na jalada. Na kwa kuwa haukuulizwa, haukuhesabiwa. Na kwa kuwa haukuhesabiwa, hakuna aliyewajibika kuuondoa.

Matokeo yake hayakuchelewa. Mwaka 1934 Kanisa liliitisha mkutano mkubwa wa taifa la Makaburu huko Kimberley ili kuijadili ripoti. Mmoja wa waliojitokeza sana katika mkutano huo alikuwa Hendrik Verwoerd, profesa kijana wa sosholojia wa Stellenbosch, ambaye kati ya mwaka 1958 na 1966 alikuwa waziri mkuu na msimamizi mkuu wa sera ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1937 iliundwa idara ya serikali ya ustawi wa jamii. Hatusemi kwamba ripoti ya Carnegie ndiyo iliyozaa ubaguzi. Ubaguzi ulikuwa na mizizi ya kale zaidi, na watu wake wangeutafutia hoja popote. Tunasema kwamba ripoti iliipa sera ya kumwinua Mzungu peke yake heshima ya sayansi. Tahadhari ile ya «muda tu» ikaachwa, swali likabaki.

Hapa msomaji anaweza kumwelekezea kidole Mmarekani. Lakini swali lile halikuanzia New York. Liliandikwa na Kanisa, na wachungaji waliowapenda watu wao kwa kweli, wakawahurumia, wakawatembelea. Mfuko ulilipia swali lililoletwa mezani na watu wa nchi ile ambao walikuwa na nafasi ya kufika mezani. Kwa hiyo mwombaji wa fedha hawezi kujitetea kwamba yeye ni mpokeaji tu. Huruma yenye mpaka huzaa swali lenye mpaka, na fedha hulitia swali hilo nguvu.

4. Uchunguzi wa pili: mfuko ule ule, swali jingine

Mwaka 1982, baada ya miaka hamsini, mfuko ule ule wa Carnegie ulianza kugharimia uchunguzi wa pili, safari hii juu ya umaskini na maendeleo Kusini mwa Afrika kwa ujumla. Uliongozwa na Francis Wilson, profesa wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, mwana wa Godfrey na Monica. Aprili 1984 ulifanyika mkutano Cape Town ambapo yaliwasilishwa maandiko yapatayo 300. Wapiga picha nao walialikwa, na kazi yao ikatolewa kama kitabu mwaka 1986. Majumuisho yalichapishwa mwaka 1989 katika kitabu *Uprooting Poverty*, kilichoandikwa na Wilson pamoja na Mamphela Ramphele, daktari ambaye serikali ya Makaburu ilikuwa imempeleka uhamishoni Lenyenye, Transvaal ya Kaskazini, tangu 1977.

Tofauti ya vitabu hivi viwili inaonekana tangu mwanzo. Katika kile cha 1989 umaskini unaanzia miguuni mwa mwanamke anayetembea kutafuta kuni na maji. Katika kambi za wahamiaji waliotenganishwa na wake zao. Kwa wazee ambao pensheni yao ndiyo inayolisha nyumba nzima. Kisha kinauliza ni nani aliyeyafanya mambo yawe hivyo, na kinajibu bila kuzunguka: kutekwa kwa nchi, kunyang'anywa ardhi, kazi ya uhamiaji, na sheria zilizotungwa kwa makusudi. Lile swali ambalo Godfrey Wilson alifungiwa lango kwa ajili yake pale Broken Hill, mwanawe alilipata kuliuliza kwa fedha za mfuko wa hisani.

Kitabu hiki nacho kina upungufu. Kwa kuwa kimekusanya kutoka maandiko mengi, mara nyingine kinamrundikia msomaji sura za umaskini hata uzi wa hoja ukalegea. Na sehemu ya mikakati inaonekana kuandikwa kwa ajili ya serikali ambayo ilikuwa bado haijazaliwa. Lakini kwa hoja yetu jambo la maana ni hili: mlipaji alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni watu waliokaa mezani swali lilipoandikwa. Mwaka 1929 walikuwa Wazungu watupu. Katika uchunguzi wa pili walikuwamo watafiti wa Kiafrika, wauguzi, watumishi wa vijijini, na watu walioonja uhamisho. Kwa hiyo wale wasemao kwamba fedha huamua kila kitu wanajibiwa na historia ya mfuko huu wenyewe.

5. Kwetu

Afrika Mashariki tumeyarithi mambo haya. Taasisi ya utafiti wa jamii iliyoanzishwa Makerere mwaka 1948, na ambayo Audrey Richards aliiongoza katika miaka yake ya mwanzo, iligharimiwa na fedha za serikali ya Uingereza za maendeleo ya makoloni. Baada ya uhuru tulitegemea serikali zetu, na zilipoelemewa katika miaka ya 1980 tukageukia vyombo vya misaada vya nchi za kaskazini. Sweden ilikuwa na shirika lake la ushirikiano wa utafiti, SAREC, tangu 1975. Tanzania iliunda Tume ya Sayansi na Teknolojia kwa sheria ya mwaka 1986. Wasomi wa Afrika waliunda baraza lao, CODESRIA, lenye makao Dakar, mwaka 1973. Na mwaka 1990 yalitolewa maazimio mawili juu ya uhuru wa wasomi, la Dar es Salaam mwezi Aprili na la Kampala mwezi Novemba.

Pamoja na juhudi hizo, utafiti mwingi umegeuka kuwa kazi ya ushauri. Mlipaji huleta hadidu za rejea zilizokamilika: swali, wilaya za kwenda, idadi ya siku, na mara nyingine idadi ya kurasa. Mahmood Mamdani, aliyechukua uongozi wa taasisi ile ya Makerere mwaka 2010, ameipinga kwa ukali desturi hii, akisema kwamba humfanya msomi wa Kiafrika kuwa mtafuta majibu kwa maswali yaliyoundwa kwingine. Tunakubaliana naye, huku tukikumbusha somo la Kimberley: swali kuundwa nyumbani si dhamana kwamba ni swali la haki.

Upo pia upande wa pili wa utegemezi, ambao Februari 2025 uliuweka wazi. Tangu 1984 serikali ya Marekani ililipia sehemu kubwa ya uchunguzi wa idadi ya watu na afya katika nchi nyingi maskini. Tanzania ilifanya wa kwanza mwaka 1991 hadi 1992, na mwingine mwaka 2022. Mengi tunayoyasema mimbarani na katika hospitali zetu juu ya vifo vya watoto na lishe yametoka humo. Mwezi ule programu hiyo ilisitishwa ghafla kwa uamuzi wa Washington. Hapa hatulalamikii swali baya. Maswali yale yalikuwa mema. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini, na taifa lisilolipia hesabu ya watoto wake hukaa likingoja mwingine aamue kama watahesabiwa.

Hitimisho

Tunapendekeza basi kwamba kila ripoti ya jamii inayoletwa mbele yetu, iwe ya serikali, ya mfuko wa hisani au ya dayosisi, isomwe kwa maswali manne. Nani aliliandika swali, na walikuwapo nani mezani? Nani ameachwa nje ya hesabu? Je, mlipaji mwenyewe yumo katika jambo linalochunguzwa, na kama yumo, je, naye amechunguzwa? Na je, wale walioulizwa wamerudishiwa majibu kwa lugha yao?

Maswali haya yanawahusu pia wanafunzi wetu. Dayosisi ikiagiza uchunguzi juu ya kupungua kwa sadaka, swali lililoandikwa ofisini litakuwa: kwa nini washarika hawatoi? Mjane wa mtaani angeliandika vingine: sadaka yetu inakwenda wapi? Maswali yote mawili ni halali, lakini la kwanza lina mlipaji na la pili halina. Mwaka 1977 Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, likikutana Dar es Salaam, lilitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa kusini ni jambo la ungamo la imani. Lilikuwa tamko zuri. Wachungaji wa Stellenbosch wa mwaka 1929 nao walikuwa watu wa imani, wenye huruma na bidii ya kazi. Ila hawakumpa jirani yao wa karibu kabisa nafasi ya kuuliza. Sisi tunaoomba fedha za utafiti mwaka huu hatuna budi, kabla ya kulijaza andiko la mradi, kumtafuta yule ambaye swali letu limemwacha nje, na kumwomba aliandike upya pamoja nasi.